Kusali Chali

Mtaa mzima ulimwita Mkunga, ingawa alikuwa amekwisha kustaafu. Nusu ya watu aliopishana nao barabarani aliwapokea yeye siku walipozaliwa, wala hakuona haya kuwakumbusha. "Wewe ulitanguliza miguu," alikuwa akimwambia mtu mzima mwenye tai na mkoba, mbele za watu, "na mpaka leo hujui kuingia mahali kwa adabu." Watu walicheka, naye alicheka kuwashinda wote. Alikuwa na mikono mipana, kifua kipana, na sauti iliyopenya mlango uliofungwa.

Lakini Mkunga huyo wa maneno mengi alikuwa na kipande kimoja cha siku kisicho na neno hata moja. Alfajiri, kabla mumewe hajakohoa kikohozi chake cha kwanza, alitandika mkeka kando ya kitanda, akapiga magoti, akakalia visigino na kufumba macho. Hakuomba kitu. Mambo ya kuomba, ya wagonjwa na ya wasafiri, aliyamaliza usiku pamoja na mumewe. Alfajiri ilikuwa ya kukaa tu na Mungu wake, kama watu wawili waliozoeana wanavyokaa barazani bila kuhangaika kutafuta la kusema. Alivuta pumzi akisema moyoni, "Bwana." Akaitoa akisema, "Nipo." Basi. Namna hiyo ya kusali alifundishwa na Sista, mtawa mzee aliyekutana na kikundi kidogo cha akina mama kila Jumatano katika chumba cha nyuma cha kanisa. Watu walipomwuliza Mkunga anapata wapi nguvu za kukesha na wazazi wenye uchungu usiku kucha bila kukasirika, alicheka tu. Yeye alijua. Alizipata mkekani.

Kisha nyonga ikamsaliti. Ilianza kwa kuuma akipanda ngazi, ikaja kuuma akishuka, mwisho ikauma hata akiiwazia ngazi. Alipasuliwa, na daktari wa mifupa akamwekea nyonga ya chuma. Siku ya kumruhusu, daktari alimpigapiga begani kwa furaha. "Mama, utatembea, utafanya kazi zako zote. Kupiga magoti na kuchuchumaa tu ndiko usahau."

"Usahau" lile lilimchoma kuliko kisu cha upasuaji.

Alijaribu kusali kitini. Alijiona kama mtu aliyekaa foleni hospitali akisubiri jina lake liitwe. Akajaribu kusali kitandani, akasinzia, na kukoroma kwake kukamwamsha mwenyewe. Akajaribu kusali amesimama dirishani. Mumewe akafumbua jicho moja.

"Nani anapita?" aliuliza.

"Hapiti mtu."

"Sasa unachungulia nini gizani?"

"Nasali!"

"Ahaa," alisema mumewe, akajivutia shuka. "Basi nisalimie."

Mume huyo alikuwa fundi saa, na Fundi Saa ndilo jina walilomjua nalo watu. Maneno yake yalikuwa machache, madogo, na kila moja lilikaa mahali pake. Alimwona mkewe akizidi kunyong'onyea. Mkunga alitania watu kama kawaida, ila utani ulikuwa umepoa, kama chai iliyosahauliwa mezani. Jumatano zikapita bila yeye kwenda kanisani. "Mguu," aliwaambia wenzake. Mguu haukuwa na neno. Tatizo ni kwamba alipovuta pumzi na kusema "Bwana," lile "nipo" lilikataa kutoka. Atasema yupo wapi? Miaka yote hiyo magoti yake ndiyo yaliyobisha hodi. Sasa hodi atapiga na nini?

Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alipomwona anatembea kama aliyebeba mayai, alimshauri aingie majini. "Maji yatakubebea uzito, mama, na nyonga itapata nguvu bila kuumia. Una mtu wa kukufundisha?"

Mtu alikuwepo, na hapo ndipo palipokuwa na mfupa mgumu kutafuna.

Mke wa mwanawe wa mwisho alikuwa mwalimu wa kuogelea katika bwawa la shule moja. Mkunga hakumchukia mkwe wake, la hasha. Ila hakumwelewa. Kwanza, kazi gani hiyo ya kushinda umelowa? Pili, binti mwenyewe hakuwa na mazungumzo. Akija kuwatembelea aliosha vyombo, akapanga kabati, akajibu "ndiyo, mama" na "hapana, mama," kisha akaaga. Mwanawe, ambaye angekuwa daraja kati yao, alikuwa dereva wa lori la masafa marefu na hakukaa nyumbani. Mkunga, aliyeweza kumfungua kinywa mwanamke yeyote aliye katika uchungu, alishindwa kumfungua huyu aliyekuwa mzima wa afya.

Fundi Saa hakuuliza mtu. Alipiga simu. Jumamosi iliyofuata mkwe alibisha hodi, akasalimia, akatoa kwenye mfuko vazi jeusi la kuogelea lenye mikono mirefu na miguu iliyofika magotini.

"Nimekisia kipimo, mama."

Mkunga alilinyanyua kwa vidole viwili. "Hili ni vazi au ngozi aliyojivua mtu?"

"Ni vazi, mama," alijibu mkwe, bila kucheka.

Mkunga akaenda kulijaribu chumbani akiwa amekwisha kuandaa maneno ya kulirudisha. Likamkaa sawasawa, kama lililoshonwa juu ya mwili wake. Jambo hilo lilimuudhi asubuhi nzima.

Bwawa la shule lilikuwa ndani ya ukumbi wenye paa la juu. Wanafunzi hawakuwepo. Vigae vilikuwa vya buluu, hewa ilinuka dawa ya maji, na kila neno lililosemwa lilizunguka kuta na kurudi. Mkunga alisimama kwenye ngazi ya chuma, kofia ya mpira kichwani, ameng'ang'ania vyuma pande zote mbili. Fundi Saa alikuwa amekaa kwenye benchi, miguu amekunja nne, kama mtu aliyekuja kutazama mpira.

"Maji ukiyavulia nguo…" alianza.

"Nyamaza wewe!" alisema Mkunga, na ukuta ukamrudishia: wewe, wewe, wewe.

Akashuka. Maji yakampanda magotini, kiunoni, kifuani. Pale pale nyonga iliacha kulalamika, kama mtoto aliyepewa titi. Alipiga hatua, akapiga nyingine. Alitembea kutoka ukuta hadi ukuta bila gongo, akageuka, akarudi. "Hee!" alisema. Hakusema zaidi kwa sababu hakutaka mkwe ajione.

Waliendelea hivyo Jumamosi baada ya Jumamosi, kutembea na kuinua miguu. Hata hivyo Mkunga aligundua jambo. Ndani ya maji mkwe wake alikuwa mtu mwingine. Mgongo ulinyooka, sauti ikatoka. Aliamuru. "Inua. Shusha taratibu. Tena. Hapana mama, huo ni uvivu, tena." Nyumbani angeambiwa hivyo, pangechimbika. Majini, Mkunga alitii.

Ndipo siku moja mkwe akasema, "Leo utalala."

"Nilale wapi?"

"Hapa. Chali, juu ya maji. Nitakushika."

Mkunga alitazama maji, akamtazama mkwe mwenyewe, mwembamba kama mpini. "Mwanamke kama mimi? Utashika nini, utaacha nini?"

"Maji ndiyo yatakayoshika. Mimi nitakuwa nayasaidia tu."

Mkwe akaweka kiganja kimoja chini ya kisogo cha Mkunga na kingine chini ya mgongo. Miguu ya Mkunga ilipoacha sakafu, mwili wote ulisahau umri na heshima. Alitapatapa, akapiga mateke, akamkaba mkwe shingoni nusura wazame wote wawili. Fundi Saa aliinuka benchini, akakaa tena. Wakajaribu upya. Mkunga akakauka kama ubao, na ubao huo, tofauti na mbao nyingine, ukazama.

"Mama, unashikilia kichwa chako kama kitaibiwa," alisema mkwe. "Niachie. Legeza shingo. Legeza taya. Usishindane na maji. Pumua mpaka chini tumboni. Usisukume, acha tu."

Mkunga alisimama ghafla, maji yakimchuruzika puani. "Hayo ni maneno yangu! Hayo ndiyo niliyokuwa nikiwaambia wazazi! Nani kakupa?"

"Hakuna aliyenipa, mama. Ndivyo miili ilivyo."

Mkunga alimtazama. Alikumbuka ni wanawake wangapi waliomkodolea macho kwa hofu wakimwambia, "Siwezi," naye akawajibu, "Unaweza, acha tu." Ilikuwa rahisi kusema kwa aliyesimama pembeni! Akaanza kucheka. Akacheka mpaka akameza maji, akakohoa, akacheka tena, na kicheko kilipomwisha hakikumbakishia nguvu ya kukaza chochote.

"Haya," alisema, "nilaze kabla sijapata akili."

Akalazwa. Maji yakamfunika masikio, na ukumbi wote ukazimika, mwangwi, benchi, mume na mtaa. Akabaki na sauti mbili tu: moyo wake ukipiga polepole, na pumzi yake ikiingia na kutoka kama mtu anayefagia uwanja mbali. Viganja vya mkwe vilikuwa chini yake, vyepesi, havimnyanyui wala havimsukumi. Vilikuwepo tu. Kifua kilipojaa, mwili ulipanda kidogo. Kilipotoka hewa, mwili ulishuka kidogo, na maji yakaupokea. Ukapanda. Ukapokewa.

Hakukusudia. Pumzi ilipoingia, neno lilikuja lenyewe: Bwana. Ilipotoka, likaja lile lililomkimbia miezi yote: nipo. Lilitoka nyongani, mgongoni, visiginoni, kila mahali palipoguswa na maji. Na Mungu ambaye Mkunga alikuwa akimbishia hodi alikuwa hapo tayari, chini yake, amembeba. Mkunga alilia. Katika bwawa machozi hayana aibu, yanakwenda kwa wenzao.

Kwenye benchi, Fundi Saa alianza kuwa na wasiwasi. "Mwanangu," alimwita mkwe kwa sauti ya chini, "mbona hasemi? Huyu akinyamaza hivi si dalili njema."

Mkwe akaweka kidole mdomoni. Kisha akainua mikono yake yote miwili hewani, amwonyeshe. Hakuwa amemshika mtu. Alikuwa ameitoa mikono zamani.

Katika chumba cha kubadilishia nguo Mkunga alikaa kwenye ubao, taulo mabegani.

"Nimesali," alisema. "Leo nimesali."

Mkwe alikuwa akikamua kofia. Hakuinua uso. "Mimi mambo yakinizidi huja mapema, kabla ya wanafunzi. Nalala hivyo hivyo. Siombi kitu. Nikitoka nakuwa nimetulia, hata kama mwanao yuko safarini na simu haipatikani." Akaikunja kofia. "Sikujua kama ina jina."

Maneno yote aliyowahi kuyasema nyumbani kwa Mkunga, ukiyajumlisha, hayakufika hayo. Mkunga akavuta taulo, akamfunika nalo mabega yeye. "Utapata baridi, mwanangu," alisema. "Na jina lake tutamwuliza Sista."

Kumwuliza Sista, hata hivyo, kulihitaji ujasiri. Jumatano Mkunga aliingia chumba cha nyuma akiwa na gongo lake, mkwe nyuma yake. Akina mama walimpokea kwa vigelegele vya chini chini, vya kanisani. Sista, mdogo wa umbo na mwenye macho ya kicheko, alimvutia kiti.

"Sista, nina neno," alisema Mkunga. "Nimesali nikiwa nimelala chali, nimevaa nguo ya kubana, na kofia ya mpira imefanya kichwa kuwa kama yai. Na sala hiyo imeshinda zote za kitini. Sasa niambie kama nimekosa."

Katibu wa kikundi, mwalimu mstaafu aliyependa mambo yaende kwa utaratibu, alijishika kifua. "Jamani! Na heshima mbele za Mungu je?"

Sista alikuwa amemwinamia Mkunga kama mtu anayetaka kuambiwa siri. "Maji yana uvuguvugu?" aliuliza.

"Kiasi, Sista."

"Kwa sababu magoti yangu mimi yalistaafu kabla yangu," alisema Sista, "na kiti hiki nimekikalia tu, sijawahi kukipenda." Akawageukia wote. "Mungu hakutuumba vichwa vitupu vinavyoning'inia hewani. Alitupa mgongo, tumbo, nyayo, na pumzi yake mwenyewe. Tukija kwake tuje na vyote. Anayeweza kupiga magoti apige. Asiyeweza asidhani mlango umefungwa. Mkunga, ulifanya nini hasa huko majini?"

"Sikufanya kitu. Niliacha."

"Basi. Hebu tuache hapa hapa."

Akawaambia wahisi nyayo zao sakafuni, na sakafu inavyozisukuma juu. Waachie uzito wa mapaja uende kitini. Walegeze taya, walegeze mabega, wafungue viganja juu ya magoti. Mkunga alifumba macho. Kiti kilikuwa kama kile kilichomshinda nyumbani, lakini safari hii hakukikalia kama mtu anayesubiri kuitwa. Alijilaza ndani yake, kama alivyojilaza majini, nacho kikambeba. Pumzi ikapanda. Ikashuka. Kando yake alisikia pumzi ya mkwe, ndefu na tulivu kuliko za wote, pumzi ya mtu aliyeishi majini.

Baada ya sala, akina mama hawakuondoka. Walimzunguka mkwe wakimwuliza maswali. Vazi linauzwa wapi? Na mtu akiwa mzito? Na mwenye shinikizo la damu? Na asiyejua kuogelea kabisa? Mkwe aliwajibu, mwanzoni kwa "ndiyo, mama" na "hapana, mama," kisha kwa maelezo marefu pamoja na ishara za mikono.

Mkuu wa shule aliwapa ruhusa, na Jumamosi moja bwawa likapokea wageni ambao halijawahi kuwapokea. Sista alikuja na gauni refu la pamba, kofia ya mpira imechukua nafasi ya shela, akashuka ngazi kama bibi harusi. Alielea mara ya kwanza tu, mwepesi kama jani, akatabasamu kwa macho yaliyofumbwa mpaka wengine wakamwonea wivu mtakatifu. Katibu alikuja "kuangalia tu." Aliangalia akiwa ukingoni, kisha akachovya vidole vya miguu, kisha akasema kuna joto humu ukumbini. Mwisho akafungua mkoba, na tazama, vazi la kuogelea lilikuwemo, jipya, lebo yake bado inaning'inia. Hakuna aliyecheka kwa sauti.

Mkwe alipita kutoka kwa mmoja hadi mwingine, kiganja kisogoni, kiganja mgongoni, akiwanong'oneza walegee, akiwaacha mmoja mmoja mpaka bwawa likajaa akina mama waliolala chali, nyuso juu, wakiinuka na kushuka kidogo kidogo kwa pumzi zao. Kimya kilikuwa kikubwa hata paa likaonekana kusikiliza.

Fundi Saa alikuwa amepewa kazi ya kutazama muda. Muda ulipokwisha alisimama, akakohoa kwa adabu. Hakuna aliyetikisika. "Akina mama, muda," alisema. Kimya. Akapaza sauti, "Muda umekwisha!" na ukuta ukamjibu, kwisha, kwisha, lakini masikio yote yalikuwa chini ya maji. Akazunguka ukingoni akipunga mikono. Macho yote yalikuwa yamefumbwa. Basi mzee huyo mtulivu akavua viatu, akavipanga vizuri chini ya benchi, akakunja suruali, na kushuka ngazi ya chuma kumtafuta mkewe. Maji yalipuuza suruali iliyokunjwa, yakapanda mpaka kiunoni. Alipomfikia, akamgusa begani.

Mkunga akafumbua jicho moja. "Nani anapita?"

"Mimi."

"Umekuja kusali?"

"Nimekuja kusema muda umekwisha," alisema Fundi Saa, akatazama maji yaliyomzunguka, akaonekana kufikiri. "Lakini nimeshalowa."

Kicheko cha Mkunga ndicho kilichowaamsha wote. Wakasimama wakifuta macho, wakimwona Fundi Saa na shati lake la mikono mirefu katikati ya bwawa, nao wakacheka mpaka Katibu akashikilia ukingo asizame. Sista ndiye aliyeomba waongezewe muda, na mtunza muda mwenyewe hakuwa na pingamizi.

Wengine walipolala tena, Mkunga alimwona mkwe amesimama peke yake upande wa kina kifupi, akiwahesabu kwa macho kama kuku anavyohesabu vifaranga. Akamwendea.

"Na wewe anakushika nani?"

"Mimi naelea mwenyewe, mama."

"Sikukuuliza kama unaelea. Geuka."

Mkwe alisita, kisha akageuka, akajiachia. Mkunga aliingiza kiganja kimoja chini ya kisogo na kingine chini ya mgongo. Mikono hiyo ilikuwa imeshika vichwa vingi sana katika maisha yake, na ilijua mara moja: msichana huyu alikuwa amechoka siku nyingi. Akamshika. Hakusema kitu. Taratibu shingo ikalegea, taya ikalegea, na uzito wote, mdogo ule, ukaja mikononi mwake. Mkunga naye, amesimama na nyonga yake ya chuma, nyayo sakafuni, mtoto wa mwenzake mikononi, alivuta pumzi na kugundua kwamba anasali.

Njiani kurudi nyumbani walitembea watatu, Fundi Saa akiacha michirizi ya maji nyuma yake. Mkwe alizungumza. Alizungumzia wanafunzi wake, na mwanafunzi mmoja anayeogopa maji lakini haogopi nyoka. Alizungumzia mumewe anavyoimba vibaya akiendesha, na jinsi yeye alivyotupwa mtoni na mama yake mzazi akiwa mdogo ili ajifunze, na kwa nini yeye hatamtupa mtu kamwe. Walifika mlangoni hajamaliza. Mkunga alitafuta ufunguo polepole sana, asije akamkatiza.